Bata Mzinga wa Verlin

Saa kumi na mbili asubuhi ya Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani hula bata mzinga, Verlin Stoltz aliingiza mkono tumboni mwa bata mzinga ili atoe firigisi na shingo. Mkono ukagonga barafu. Akausukuma tena, vidole vikafa ganzi. Ndege yule wa kilo saba alikuwa jiwe.

Kwa miaka thelathini na minane marehemu mkewe, Lois, ndiye aliyepika, na Verlin kazi yake ilikuwa kukata nyama mezani na kusifiwa. Kumbe Lois alikuwa akimtoa ndege friza tangu Jumapili. Verlin alimtoa jana, akaona siku moja inatosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo lenyewe halikuwa nyama tu. Binti yake, Karla, alikuwa amemwambia kwa simu, “Baba, twende wote Omaha kwa wakwe zangu. Usijitaabishe.” Verlin akakataa: sikukuu ni hapa, mezani pa mama yako. Karla akasema, “Haya. Tujaribu mwaka huu.” Neno hilo *tujaribu* halikumtoka Verlin moyoni. Akishindwa leo, meza ile haitatandikwa tena.

Basi akambeba ndege hadi bafuni, akamtumbukiza katika beseni la kuogea, akawa anabadilisha maji baridi kila nusu saa.

Saa tano Karla aliwasili na mwanawe wa miaka minane, Maren, pamoja na Ardith, dada mkubwa wa Verlin, aliyebeba pai mbili tamu za maboga. Maren alikimbilia bafuni, akarudi mbio.

“Babu, kuna kuku anaoga!”

Ardith alikwenda kuchungulia. “Verlin, umemwekea na sabuni?”

“Dada, usinianze.”

“Sikuanzi. Nauliza kama anataka taulo.”

Karla hakucheka. Alimbonyeza ndege kifuani, akatazama saa. “Ameshalainika, lakini hataiva kabla ya saa kumi, Baba.”

Verlin alimpangusa ndege, akamtia katika oveni, akaketi kwenye kiti cha jikoni. “Nimeshindwa, mwanangu. Mngekwenda Omaha, sasa hivi mngekuwa mnakula.”

“Pai je?” Maren akauliza. “Pai zimeiva.”

“Pai huliwa mwisho,” alisema Verlin.

“Nani kasema?” Ardith alikuwa ameshashika kisu. “Mimi nina miaka sabini na tatu. Mwisho siwezi kuungoja.”

Wakakaa mezani. Karla alipochukua uma, Maren akamzuia mkono. “Bado! Bibi alisema hakuna kugusa chakula kabla ya kushukuru.” Akashukuru kwa ajili ya paka wake. Ardith akashukuru kwa goti lake jipya. Zamu ikamfikia Verlin.

“Namshukuru Lois,” akasema, “kwa kuwa miaka thelathini na minane sikujua kama ndege huyu huganda.”

Ardith alipasuka kicheko hadi akapaliwa. Karla naye akacheka, kisha akafuta macho kwa kitambaa cha meza, jambo ambalo mama yake asingelikubali.

“Mimi niliogopa kiti cha Mama, Baba,” alisema. “Ndiyo maana nikataja Omaha. Nilidhani nikikiona kitupu sitaweza kula.” Akajikatia kipande cha pili cha pai. “Naona naweza.”

Bata mzinga aliiva saa kumi na nusu, mkavu mabawani, mtamu mapajani. Verlin alimkata mwenyewe, na hakuna aliyemsifu ila Maren.

Walipokuwa wakiosha vyombo, Karla alitafuta kalamu ndani ya droo. Aliandika maneno machache kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa friza, akarudi kukausha sahani. Verlin alivaa miwani, akasogea kusoma.

*Mwakani: mtoe Jumapili. Nitapiga simu kuhakikisha.*