Rangi Juu ya Kazi ya Mvua

Mtaani walimwita Mvua, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuweka mvua ndani ya majengo ya watu. Mume wangu hakulichukia jina hilo. Alichochukia ni kuharakishwa. Alichora njia za mabomba kwenye meza yetu ya kulia, sisi tukala sahani zikiwa mapajani, na kabla ya kukabidhi jengo alipanda ngazi kupitisha kidole kwenye kila kinyunyizio darini. Kila kimoja kina kichupa cha kioo kinachopasuka kwa joto ili maji yatoke kuzima moto. Mafundi rangi wakija, alivifunika kwa mifuko, na mifuko hiyo aliivua mwenyewe.

Mwaka wa pili baada ya kumzika, ghala la magodoro alilolifungia mabomba liliungua nusu. Hakufa mtu, lakini mwenye ghala akatangaza kila mahali kwamba vinyunyizio vya Mvua vilikuwa mapambo tu.

"Nyamaza, shemeji," ndugu wa marehemu akanisihi. "Maiti hashtakiwi."

"Hashtakiwi, ila anatukanwa?"

Siku ya ukaguzi nikaenda na michoro kwapani. Mwenye ghala akacheka.

"Mama mwalimu, hapa hatusahihishi insha."

"Sikuja kusahihisha. Nimekuja kupanda ngazi."

Nikapanda na gauni langu la heshima, mkaguzi wa zimamoto akiishikilia ngazi, kwenye upande wa ghala ambao haukuungua. Kinyunyizio cha kwanza kilikuwa cheupe pe, kama dari. Nikakikwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, na kichupa kikaonekana chini yake.

"Hii rangi ni ya lini?"

"Mwaka jana," mwenye ghala akajibu. "Dari ilikuwa inatia aibu."

"Mwaka jana mume wangu alikuwa kaburini. Alitoka kuja kukupakia rangi?"

Mkaguzi akakohoa. Kioo kilichopakwa rangi, alisema, hakisikii joto mapema.

"Basi kwenye ripoti tuandike hitilafu tu," mwenye ghala akasema kwa upole, "bila kumtaja mtu. Yaishe, mama."

"Hayaishi. Ulimtaja mbele za watu. Hapa pia atatajwa: jina lake kamili, na kwamba alikukabidhi kazi safi, ukaiharibu wewe."

"Shuka kwanza," mkaguzi akasema, kalamu mkononi.

"Nitashuka ukishanisomea."

Akaandika, akasoma. Nikamwomba arudie kwa sauti zaidi, maana mwenye ghala alikuwa amejifanya anatafuta kitu kwenye simu.