Daktari wa Taya za Plasta

Zamani mtoto mwenye meno yaliyochomoza aliambiwa afumbe mdomo, yakaisha. Siku hizi kuna daktari mzima wa kuyarudisha ndani. Huyu wa mjukuu wangu hakuwa akishusha barakoa mbele yetu, na kila alipozungumza aligonganisha taya mbili za plasta za kuonyeshea wagonjwa, kana kwamba nazo zina la kusema.

Akaweka vifaa viwili mezani. “Hiki cha kuvaa na kuvua kinavuta taya ya chini mbele, ila kikilala kabatini hakivuti kitu. Hiki cha kubandikwa hakimwombi mtu ruhusa. Na tusichelewe, akishamaliza kukua taya haisogei.” Akamgeukia mjukuu wangu, asiyecheka bila kiganja mdomoni. “Utakivaa hata shuleni?”

“Atavaa!” nikajibu.

“Babu, kwani mdomo ni wako?” daktari akaniuliza.

Enzi zetu mkubwa akijibu, limejibiwa.

Mtoto akainama. “Wakinicheka, nitakivua.”

“Ahsante, mkweli wangu,” akasema daktari, akakirudisha cha kuvua kwenye droo.

Mara ya mwisho kumwona daktari, mjukuu wangu alicheka mikono ikiwa mapajani. Daktari akashusha barakoa acheke naye, na meno yake ya juu yakatangulia kutoka kama wageni wasiongoja kualikwa. Akaona nimeduwaa.

“Mimi nilisema nitakivaa, babu.”