Koo la Mfinyanzi

Nina ugonjwa wa kuuliza tangu utotoni, na aliyeteseka nao zaidi ni mama yangu. Ila miaka ile ya hamsini, wakati mgodi wa madini ya risasi bado unavuta watu kuja Mpanda, ugonjwa huo ulitufaa mara moja.

Mama alikuwa mfinyanzi, na alikuwa na kiungulia cha miaka mingi. Dawa yake ilikuwa udongo. Akifinyanga, donge moja lilikwenda kwenye chungu, jingine mdomoni. Nilimtania kwamba siku moja atauza vyungu visivyo na vitako, maana vitako keshavila. Alicheka, akaendelea kutafuna.

Masika moja kicheko kikakatika. Tonge la ugali lilianza kukwama katikati ya kifua, akawa anatoka kwenda kulitema nyuma ya nyumba. Akaishi kwa uji mwepesi, akakonda mpaka kanga ikamzunguka mara mbili.

Nilimpeleka zahanati. Dresa wa pale, mhudumu wa kufunga vidonda ambaye wote tulimwita daktari, alisema maji makali ya tumboni yamekuwa yakipanda na kuliunguza koo la chakula, sasa lina kidonda. Alimpa chupa ya dawa nyeupe, nzito, anywe kijiko kila amalizapo kula na kila aendapo kulala. Akampa na barua. Ikipita wiki ya tatu hajaweza kumeza ugali, apande treni na barua hiyo, aende kwa madaktari wakubwa wa Tabora.

Mama aliishika barua kwa ncha za vidole. Dada yake alipanda treni hiyohiyo akiwa na uvimbe, na kilichorudi ni kanga zake.

Mimi nilibaki nyuma kuuliza dawa inafanyaje kazi. Dresa hakunichoka. Alisema inapaka koo kwa ndani kama lipu ya ukuta, maji makali yakipanda yanaikuta yenyewe kwanza, na kidonda kinapata nafasi ya kupona. Niliondoka nimeshiba maneno, lakini kufika njiani nikawa na swali jingine: kitu kinachomezwa kinabakije kooni?

Wiki mbili zikapita, hakuna nafuu. Mama akaanza kugawa vitu. Mimi alinipa jiwe lake la kulainishia vyungu, lile lililorithiwa kwa bibi. Nililipokea kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, dresa, na chupa ile iliyokaa dirishani kama mgeni asiyesaidia kazi.

Siku hiyo mama alipokwenda kuchimba udongo, niliiba kijiko cha dawa. Niliipaka kwenye vigae viwili na kuvianika uani. Cha kwanza nilikiacha. Cha pili nilikimwagia maji kabla hakijakauka. Cha kwanza kikashika utando mweupe, ukucha wangu ukateleza juu yake. Cha pili kikabaki kigae kitupu, kana kwamba hakijawahi kuona dawa.

Nilipokuwa nimevichutamia nikagundua jambo la aibu: mama anakunywa dawa kila siku, na sijawahi kumtazama akinywa. Basi mchana, alipomaliza uji wake, nikakaa mbele yake. Alimimina dawa kwenye kijiko, akameza. Kisha akajaza kikombe maji, akasuuzia kijiko humo, akanywa yote mpaka tone la mwisho.

Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu siku ya kwanza, nguvu ya dawa si iko kwenye suuza?

Ndivyo tulivyolelewa. Kibuyu cha mitishamba kilisuuzwa, na ile suuza, maji yenye mabaki ya dawa, ikanywewa. Kuimwaga ilikuwa kumdharau aliyeichimba dawa. Dresa hakukataza, kwa kuwa hakujua kama kuna cha kukataza.

Nilijua nikimtaja dresa na lipu yake atanijibu, "Nyie mnaojua kusoma bwana," na mazungumzo yataishia hapo. Nikaenda kuleta chungu alichokichoma juzi, nikakiweka miguuni pake.

"Mama, hiki ukishakipikia uji wa kwanza, unakisuuza hapohapo?"

"Nani kakufundisha ujinga huo? Uji haujashika na kuziba vitundu, chungu si kitavuja?"

Akatazama kikombe, akatazama chungu. Nikamletea na vile vigae viwili, akavipitishia kidole, kigae kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi.

"Nimewagombeza wanawake wa mtaa huu mzima wa Kawajense wasisuuze chungu kipya," alisema. "Kumbe koo langu nalisuuza mwenyewe."

Tulirudi kwa dresa. Alisikiliza, akajikuna kichwa, akatoa chupa nyingine na kutuongezea wiki tatu. Safari hii mama alimeza kijiko chake, akafunga mdomo na kukaa wima mlangoni, kikombe akiwa amekifungia ndani. Ni kama kupumzisha chungu, alisema.

Wiki ya tatu ilipoisha nilisonga ugali laini. Alikata tonge dogo, akachovya kwenye mlenda, akameza. Tulisubiri kuona kama litakwama. Halafu akakata la pili, kubwa zaidi, nami nikalia waziwazi mbele ya sahani.

Hakunibembeleza. Aliendelea kula, na alipomaliza akanyoosha mkono nimrudishie jiwe lake. Barua ya Tabora aliwashia moto wa kuchomea vyungu wiki ileile.