Mtawa Aliyekuwa Seremala

Nilidhani ni marehemu wa nyumba ile. Picha yake ilitundikwa ndani kabisa ya duka, juu ya magunia ya chumvi: mtu mwembamba amekaa chini, amejifunga nguo ya rangi ya udongo mwekundu, na shada la maua limening'inia kwenye fremu. Nikampa pole mwenye duka kwa kufiwa na baba. Akacheka. Akaniambia yule si baba yake, ni mtakatifu wa kwao India, mtunzi wa nyimbo, aliyefariki zamani sana. Baba yake yu hai, na yuko kibarazani nyuma ananisubiri.

Wakati huo wa Mwingereza Makambako ilikuwa njia panda na maduka machache ya mabati. Malori yalisimama pale kupoza injini, mengine yakaenda Mbeya, mengine yakapanda kwetu Njombe. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Useremala nilifundishwa misheni, na mabenchi ya kanisa letu niliyatengeneza mimi. Habari hiyo ndiyo iliyomfikia mwenye duka. Alitaka nimtengenezee baba yake kijumba cha ibada cha kukaa ndani ya chumba: mbao za mninga, nguzo nne za kuchongwa, milango miwili midogo.

Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, amejizungushia blanketi mpaka masikioni kwa baridi ya kule. Nilimwita Babu, yeye akaniita fundi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia sukari na vitambaa. Hapa nakinyoosha, maana sitaki mtu amcheke.

"Mwanangu alitaka kuagiza kabati Iringa," aliniambia siku ya kwanza. "Nikakataa. Nikamwambia nataka fundi akae hapa, nimwone akifanya kazi. Unajua kwa nini?"

"Sijui, Babu."

"Yule wa pichani alikuwa seremala."

Basi nikawa napiga randa, naye anasimulia. Yule mtu, alisema, alikuwa fundi mzuri, mwenye mke na watoto na nyumba yenye akiba ya nafaka. Moyo wake ulikuwa umechoka na mambo ya dunia, ila miguu haikuthubutu kutoka. Siku moja mwalimu wake wa dini alimtaka amsindikize safari ya jangwani. Njiani kila alichobeba kikaishia kwa waombaji, mpaka wakabaki na njaa. Walipokaribia kijiji kimoja mwalimu akamwambia: ingia uombe chakula.

"Akasema siwezi," mzee alieleza. "Kile kilikuwa kijiji cha wakwe zake. Kila mtu anamjua."

Niliacha randa. Kwetu Wabena mkwe si mtu wa kumzoea. Hata njiani ukimwona unampisha.

"Alifanyaje?"

"Mwalimu akachukua mkasi, akamkata nywele na masharubu, akamvika nguo ya kitawa. Akamwambia, sasa nenda, hawatakujua. Akaenda mlango kwa mlango. Akafika na kwa wakwe, na mkewe alikuwa amekuja kwao. Mkewe akamtambua."

"Alimtambua kwa kipi?"

Mzee akaelekeza kidole kwenye vidole vyangu vilivyojaa makovu ya patasi. "Mikono, fundi. Mikono hainyolewi."

Mke alilia, mtoto alilia, yule mtu naye alisimama pale na bakuli lake huku haya ikimla. Wanasema, kwa maneno ya mzee, kwamba alianza kuimba palepale, na toka hapo hakurudi nyumbani tena. Akawa mtunzi. Watawa wengi wa zama zile walikuwa wamenenepa kwa sadaka, wana farasi na vyombo vya fedha, na watu masikini waliwaogopa. Yeye akatunga nyimbo za kuwakemea, tena kwa lugha ya watu wanaosaga nafaka, si ya vitabu. Mtawa asimiliki kitu. Afanye kazi kwa mikono yake. Achimbe visima na watu wengine. Asimkimbie mtu kwa ajili ya ukoo aliozaliwa. Yeye mwenyewe, mpaka uzeeni, alichonga milango ya mahekalu.

Mzee alikuwa amevuka bahari na nyimbo hizo kichwani. Aliziimba taratibu nikipiga randa, na baada ya siku chache nilijikuta nasukuma na kuvuta kwa mwendo wake. Nilikuwa na furaha pale. Nasema hivyo kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu asiamini.

Sasa habari ya chai. Katika ukuta wa nje, karibu na pipa la maji, palikuwa na msumari, na kwenye msumari kikombe cha bati. Kilikuwa changu. Saa ya chai mke wa mwenye duka alitoka na birika, mimi nachuchumaa na kuinua kikombe, naye anamimina kutoka juu ili birika lisikiguse. Nikimaliza nakisuuza mwenyewe, nakirudisha msumarini. Hakunisema vibaya hata siku moja. Chai yake ilikuwa na tangawizi, tamu sana. Niliizoea desturi ile kama mtu anavyozoea mlango mfupi, anainama bila kufikiri.

Siku ya mnada baba mkwe wangu alishuka Makambako kutafuta dawa ya ng'ombe. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyepaza sauti. Alizunguka nyuma ya duka kunisalimu, akanikuta nimechuchumaa, mikono miwili juu, chai ikinidondokea kutoka angani kama ndama anayenyweshwa.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kibena.

"Kamwene." Alinitazama, akautazama msumari. Akangoja mama yule aingie ndani. "Ndivyo unavyonyweshwa?"

Nilishusha kikombe. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Binti yangu anajua?" aliuliza tena. Kisha macho yake yakaangukia kile kijumba, nguzo zake zimekwisha kuchongwa. "Na hicho ni cha nini?"

"Cha ibada yao, baba."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nilibaki na kikombe mkononi, uso unawaka. Mzee alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, na bila shaka alikuwa ameona yote, ila Kibena hakukijua.

"Ni nani yule?" aliuliza.

"Baba wa mke wangu."

Nami, kwa uchungu niliokuwa nao, nikauliza kitu ambacho hata sikukipanga. "Babu, yule mtawa wenu alipokwenda kuomba pale kwa wakwe, kikombe chake kilitundikwa wapi?"

Nilimwona anaelewa. Ilichukua muda, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Akainuka, blanketi likaanguka chini. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, kikiwa na mabaki ya chai yangu, akaingia nacho dukani, mahali palipojaa watu wa mnada. Nilimfuata nikimsihi, "Babu, acha, haina neno." Akasimama chini ya ile picha na kunywa mpaka tone la mwisho.

Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, jirani yao, alikuwa amesimama kwenye meza ya vitambaa. Aliweka kitambaa chini, akatoka bila kuaga. Mwana wa mzee aliita "Baba!" kisha maneno mengi ya Kihindi, na sauti yake ilikuwa ya kuogopa zaidi kuliko ya hasira. Wanunuzi wetu, watu wa Mahongole na Kitandililo, walianza kucheka kwa sababu hawakujua wafanye nini. Mzee alisimama katikati ya kicheko kile, chai imemchirizika kidevuni.

Watu wa nyumbani walimtaka aoge na kufanyiwa sala ya kumtakasa, maana kwa desturi yao kikombe changu kilimtia unajisi. Alikataa. Basi toka siku hiyo sahani yake ililetwa kibarazani. Jikoni hakuingia tena. Majirani waliokuwa wakija jioni kuimba naye hawakuja. Akawa anakula karibu na vumbi langu la mbao, na mke wa mwanawe alipomletea chakula alikiweka chini na kurudi nyuma huku machozi yamemlenga. Nililiona hilo kila siku nikipiga msasa, na kila siku lilinivunja. Mimi ndiye niliyeona aibu ya chai, nikaitoa kifuani kwangu, na sasa ilikuwa imemkalia mzee wa watu.

"Babu, nisamehe," nilimwambia.

"Wewe uliuliza tu," alijibu. "Mimi nimeimba miaka yote, sikujiuliza."

Nilimaliza kazi, nikapanda lori kurudi Njombe. Huko nilikuta maneno yamenitangulia. Baba mkwe hakuwa mtu wa kusengenya. Aliyapeleka mambo wazi mbele ya wazee wenzake, akisema ni afadhali yasemwe na mtu wa nyumbani. Niliitwa. Waliniuliza kama ni kweli nimejenga nyumba ya sanamu kwa mikono ileile iliyotengeneza mabenchi ya kanisa. Nikasema ni kweli. Waliniuliza kama najuta. Nikasema kazi niliifanya vizuri, kujuta sijui nijutie kipi. Basi nikazuiwa Meza ya Bwana, na jina langu likatangazwa Jumapili, mke wangu akiwa amemfunika mtoto kwa kanga yake kana kwamba naye ametajwa. Nikahamia benchi la mwisho. Nililitengeneza mimi, na sikuwahi kujua kwamba linayumba.

Sijui ni dereva gani aliyemweleza mzee yaliyonipata. Jumapili moja, tumekwisha kuimba wimbo wa kwanza, mlango ulifunguliwa, ubaridi ukaingia, na yeye nyuma yake, ndani ya blanketi lake. Alivua viatu mlangoni. Akatafuta kwa macho, akaniona, akaja kukaa kando yangu. Watu wote waligeuka. Nami, badala ya kufurahi, niliona haya kupita siku zote. Niliona haya kwa soksi zake zilizotoboka, kwa harufu ya ubani wake, kwa jinsi alivyosimama wote wakikaa na kukaa wote wakisimama. Nilitazama sakafu mpaka ibada ikaisha.

Nje baba mkwe alimjia. Walitazamana, wazee wawili wasio na lugha moja iliyonyooka.

"Umekuja kumchukua huyu kwenye dini yako?" baba mkwe aliuliza.

"Hapana," mzee alisema. "Amekaa peke yake kwa sababu ya mbao zangu. Nimekuja kukaa naye."

Baba mkwe akafanya ambalo heshima ya kwetu ilimdai. "Mgeni hawezi kurudi Makambako na njaa. Twende nyumbani."

Mama mkwe alikuwa amepika ugali na maharage na viazi. Nilijua kwamba mzee kwa desturi yake hali chakula cha jiko lisilo la kwao, nikaanza kutafuta namna ya kumwombea radhi. Kabla sijasema, alivuta bakuli, akaweka humo ugali, maharage na viazi pamoja, akamimina maji baridi juu yake, akakoroga kwa mkono na kuanza kula.

Mama mkwe alishika mdomo. Aliniuliza kwa Kibena, karibu kulia, "Ni kibaya kiasi hicho? Mpaka akisafishe?"

Nikamuuliza mzee. Alicheka, chakula kimemjaa kinywani. Hivyo ndivyo yule mtawa alivyowafundisha wenzake, alisema: changanya vyote na maji, ulimi usichague, na kila aliyekupa awe sawa na mwingine. Yeye hakuwa mtawa, hakuwahi kula hivyo maishani, na hakujua njia nyingine ya kula chakula cha watu wengine bila kujihesabu ameivunja dini yake. Nilipomfasiria mama mkwe, hakuridhika. Alimwongezea maharage mazito pembeni, bila maji, ili ajue ladha yake. Mzee aliyala pia.

Kwenye benchi la mwisho sikuondolewa siku ile. Nilirudishwa mezani baada ya mavuno, kimyakimya, na hakuna aliyesema walikosea.

Masika ya mwaka uliofuata mwenye duka alikuja kwangu Njombe mwenyewe, kichwa kimenyolewa. Kabla hajafungua mdomo nilijua Babu hayupo tena. Alisema wao hawahitaji jeneza. Alihitaji mtu wa kumchagulia magogo makavu wakati huu wa mvua, ya kuwaka vizuri, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kuunguzwa nusu. Alisema hivyo akitazama ukuta. Baba mkwe alikuwepo, akasikia. Akachukua koti lake la Jumapili, akapanda lori pamoja nasi bila kualikwa.

Tulipanga magogo kando ya kijito, mimi na mwana wa marehemu, tukipokezana. Wahindi wenzake wachache walikuja, wakasimama mbali. Vijana wa vijiji vya jirani walikuja wengi, maana walikuwa hawajawahi kuona mtu akichomwa. Moto uliposhika walianza kuziba pua na kusukumana, wengine wakacheka kwa sauti. Niliwajua. Baadhi yao tuliimba nao kwaya. Nilimtazama yule mwana, aliyekuwa hajui Kibena lakini kicheko anakijua, nikainamisha uso.

Baba mkwe alivua kofia. Akawaendea, akawaambia neno moja kwa Kibena: kaeni. Wakakaa kwenye majani yaliyolowa. Kisha akarudi akasimama upande wa pili wa yule mwana, kimya, kwa sababu hakujua ni sala gani inaruhusiwa kwake mahali kama pale, na majivu yakamwangukia mabegani, hakuyapangusa.