Bunda la Miraa na Pasi ya Siku Nane

Mimi sijawahi kuwa mtu wa kusubiri. Hata sasa nikialikwa harusi ya saa nne, saa tatu niko kwenye kiti nawakasirikia wenye harusi. Basi fikiria nilivyoteseka miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, wakati mtu wa Embu hakuweza kuvuka mto Thuci kuingia Meru bila pasi, karatasi yenye muhuri wa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Nilikwenda ofisini kwake asubuhi sita mfululizo. Karani wa dirishani aliniambia kila siku kwamba haraka haraka haina baraka, na yeye ndiye aliyekuwa ananichelewesha. Niliomba siku kumi na nne. Nikapewa nane.

Sababu ya safari ilikuwa msichana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya udongo huko Mbeere, Embu ya chini kwenye joto, ambako baba yangu alifuga mbuzi na kutundika mizinga ya nyuki. Msichana alitoka Kanyakine huko Meru, kwenye migomba na baridi, akaja kumuuguza shangazi yake aliyeolewa karibu na shule yetu. Alikicheka Kimbeere changu, nami nikakicheka Kimeru chake, na kabla mvua haijaisha nilikuwa sijiwezi. Nilimpenda, sina la kuongeza. Aliporudi kwao nilimwandikia baba yake barua ya posa.

Mzee yule alikuwa mzee wa kanisa, lakini miraa ni miraa. Kwao posa haianzi bila bunda la miraa lililofungwa kwa heshima, na baba wa msichana akilifungua mbele ya ndugu zake, amekubali mazungumzo. Alinijibu kwamba angeweza kupata bunda pale sokoni kwao, lakini mtu wa nchi kame anayemtaka binti yake alilete mwenyewe kutoka Laare, juu ya milima ya Nyambene, kwenye miti ya zamani. Na lisifunguliwe njiani. Lililofunguliwa njiani, aliandika, ni la kutafuna tu, halibebi neno tena.

Nikamwandikia mzee kwamba nimepewa siku nane, nikaondoka na viatu shingoni nisije nikavimaliza, mfukoni nina kunde za kukaanga. Nilikuwa na mpango mmoja tu wa malazi: mwalimu hulala kwa mwalimu. Usiku wa kwanza nililala juu ya madawati ya shule moja upande wa Chuka, na mwenyeji wangu akanipa uji akaniomba nisitoke hata kujisaidia mpaka kuche, maana askari hawakuwa wakiuliza mara mbili. Barabara ile inauzunguka mlima mkubwa wenye theluji kwa mashariki, na mito yote ya mlima inaikata, kwa hiyo unashuka bonde na kupanda, unashuka na kupanda, na kila daraja lina kizuizi. Juu yetu msitu ulikuwa marufuku, maana wapiganaji walijificha humo. Mtu akionekana humo alipigwa risasi, kisha ndipo waulize alikuwa nani. Siku ya tatu lori la mbao lilinichukua kwa sababu dereva alitaka mtu wa kumsomea barua ya mke wake. Ilikuwa ndefu na ya matusi, nami niliisoma yote hadi Meru mjini.

Hapo Meru nikaambiwa pasi yangu haitoshi. Kwenda Nyambene kunahitaji muhuri mwingine, na mwenye muhuri amekwenda kuvua samaki. Siku nzima nilizunguka ile ofisi. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Mama mmoja aliyekuwa akingoja kama mimi aliniuliza kama nina siafu kwenye suruali. Nikamjibu vibaya, na mpaka leo najuta. Muhuri ulipigwa jioni, mwenyewe aliporudi na samaki wake.

Laare nilifika siku ya tano, miguu imefura. Mzee mwenye miti alinitazama, akaitazama na pasi yangu, ambayo nilimsomea maana hakujua kusoma, akasema, "Karatasi yako ni ya siku nane. Hii yangu ni ya siku tatu, ikizidi inakauka. Kwa hiyo usikae kwa watu ukipiga hadithi." Asubuhi ya siku ya sita alipanda mwenyewe kwenye mti ulioota magamba, akachuma vijiti vyekundu, akavipanga vyote urefu mmoja, akavifunika kwa majani ya mgomba na kuvifunga kwa ukamba wa mgomba uliokauka. Mikono yake haikuwa na haraka yoyote. Nilisimama pale nikihema kwa hasira, nikihesabu saa.

Pale Kianjai kulikuwa na kizuizi. Askari, homgadi, mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali, mwenye koti kubwa kuliko yeye, akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia ni miraa ya posa. Akasema hata waliokwisha kamatwa walisema hivyo, na barua zao za msituni zikapatikana katikati ya vijiti. Akachomoa kisu, akakata ukamba, akafunua majani, akatawanya vijiti vyangu kwenye meza. Hakukuwa na barua. Akachagua vijiti vitano vizuri, akaanza kutafuna, akaniambia, "Oa vizuri, mwalimu."

Nilijikaza nisimpige. Nikakusanya vijiti vyangu, nikaenda nyuma ya kibanda cha soko, nikakaa chini. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Nirudi Laare nikachukue bunda jingine, na siku zangu ziishie huko, nikamatwe nikirudi. Au niende mbele nimweleze mzee ukweli, naye aniambie halibebi neno tena, rudi Laare. Yote mawili yalinirudisha nyuma, na mimi kurudi nyuma sijui. Nikaomba majani mapya ya mgomba na ukamba kwa muuza ndizi, nikavipanga vijiti kadiri nilivyoona vikipangwa, nikafunga. Nikalitazama, nikaona limependeza. Kwa jinsi nilivyochoka, hata boga ningeliona limependeza.

Nilifika Kanyakine siku ya saba, saa nane mchana. Watu wa huko walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote na lango moja la askari mwenye daftari, anayeandika nani ameingia na nani ametoka. Mzee alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na ndugu zake watatu walikuwa tayari wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu. Msichana alileta uji, akaniangalia mara moja, akatoka.

Mzee akalipokea bunda, akaliweka magotini, akavuta ncha ya ukamba. Haukufunguka. Akavuta tena. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Watu wa Nyambene hufunga bunda fundo linaloachia kwa mvuto mmoja, kwa sababu anayelifungua ni mzee na asiaibike mbele ya watu. Mimi mikono yangu ilifunga ilichofundishwa na baba yangu, fundo la kutundikia mzinga wa nyuki mtini, ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Vidole vya mzee vilihangaika. Ndugu mmoja akakohoa.

"Nani alifunga hili?" mzee akauliza.

"Mwenye miti, Baba. Kule Laare."

Akaligeuza taratibu. "Watu wa Laare hawafungi hivi. Lilifunguliwa njiani?"

Alikuwa ananipa mlango, na mimi sikuuona. Niliona tu siku zangu zikiisha. Nikasema, "Hapana, Baba. Halikuguswa."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata kwenye uji. Mzee aliliweka bunda chini likiwa limefungwa vile vile, akasema bila kupandisha sauti:

"Kijana wangu, askari wamefungua ghala langu mara tatu. Wamefungua kitanda changu. Juzi walifungua jeneza la mama yangu tukiwa makaburini. Ungeniambia walifungua na hili, tungecheka, tungetafuna, tukaendelea. Lakini siku hizi watu wa nyumba hii huitwa na kuulizwa maswali, na neno moja la uongo linapeleka mtu kizuizini. Wewe umesema uongo hapa, ukiwa umekaa, una uji mkononi, hakuna aliyekupiga. Siwezi kukuweka kati ya watoto wangu."

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nilisema mengi. Nilieleza kizuizi, kisu, vijiti vitano, muhuri, samaki. Wazee walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mzee akasimama, akanipa mkono, akaniambia nisalimie wazazi wangu.

Msichana alinisindikiza hadi langoni. Hakulia, na mimi nilitamani alie. Aliuliza pasi yangu imebakiza siku ngapi.

"Moja," nikamwambia. "Ndiyo maana nilidanganya. Ningepata wapi siku za kurudi Laare?"

Akasimama. "Baba alikwenda kwa chifu wiki iliyopita," alisema. "Alikuombea siku sita zaidi, upumzike na uonane na ukoo. Karatasi iko ndani, kwenye Biblia yake. Alitaka akupe baada ya kufungua."

Niligeuka nitazame nyumba. Nilitaka kukimbia nirudi ndani, nipige magoti, na miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia mahali popote, haikusogea. Yeye aliondoka pole pole, akiwa amekunja mikono kifuani. Askari wa lango alifungua daftari lake, akalowesha penseli kwa ulimi, akaniuliza aandike niko ndani au niko nje.

Nikamwambia aandike nje.