Mwanamke wa Majani Nyuma ya Mimbari

Mwishoni mwa miaka ya tisini kanisa letu la Albert Park, mjini Durban, lilikuwa ghala la kupanga, na ukuta wa nyuma ya mimbari ulikuwa umeota ukungu. Mchungaji aliniomba niupambe. Mke wangu, aliyeimba kwaya, alikuwa amewaambia wenzake kwamba kule Lubumbashi nilikuwa mwalimu wa kuchora. Nilikuwa mchoraji wa mabaa. Sikumkanusha, nilidhani ananijengea jina, na kwa mtu anayelinda magari Greyville, jina lilihitajika sana.

Mwalimu hachori njiwa na mawingu tu. Mwanafunzi mmoja wa Glenwood, niliyekuwa namwoshea gari, akaniazima kitabu cha mapambo ya Italia ya zamani, michoro iliyochongwa kwenye bamba la shaba kisha ikapigwa chapa. Nilikipenda kitabu kile, jamani. Wasanii wa zama zile walishuka mashimoni Roma wakakuta kuta za kale zimechorwa, na wachongaji wakaanzia pale Warumi walipoachia. Kila pambo lina uti wa mgongo: chombo juu ya chombo, utepe, jani lenye meno linalojikunja, na kilicho kushoto kiko pia kulia. Katikati kabisa, mwanamke ambaye kuanzia kiunoni ni majani.

Nilichora nyuma ya shuka, mtu asione kabla ya wakati. Majani yalitii. Mwanamke hakutii. Kitabuni uso wake ni mkavu kama wa kwenye sarafu. Wangu akatoka na nywele ndefu zilizomwagika, macho makubwa, midomo iliyojaa. Mazoea ya mabaa yana taabu. Nilikuwa karibu mno na ukuta, nikaona mwanamke mzuri tu.

Jumapili shuka ikashushwa, na kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Kila mtu wa Lubumbashi alimtambua: mamba muntu, yule nguva wa kwenye mabaa na sebule za kwetu, anayempa mtu utajiri kisha akadai roho. Na alikuwa ameketi juu ya kichwa cha mchungaji.

“Huyu minamujua,” akasema mama mmoja mzee wa kwaya. “Alikuwaka mu salon yetu. Bwana yangu alimuleta toka ku bar.”

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikaeleza kwamba si nguva, ni pambo, kwamba Wakristo wa Italia walilichukua kwa Warumi.

“Baroma gani?” mchungaji akauliza. “Bale balimusulubisha Yesu?”

Watu wakaangua kicheko. Afadhali wangenipiga.

Nikaletewa ngazi na ndoo ya rangi nyeupe palepale, ibada ikiwa imesimama. Nilianza na uso. Nyuma yangu nikamsikia yule mama akimgeukia mke wangu.

“Wewe ulituambiaka ni mwalimu.”

Nilijua atanitetea. Mke wangu ana ulimi. Sijawahi kumwona akishindwa neno sokoni wala nyumbani.

“Hapana, mama,” akasema taratibu. “Ni peintre, muchoraji wa mu mabar. Nilionaka haya kusema.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikachovya brashi, nikapaka tena palepale nilipokwisha kupaka, maana kushuka ngazi ile kulikuwa ni kumtazama mke wangu.