Mfuko Niliosema Si Wetu

Wanaosimulia mambo ya namna hii huapa kwanza, huyu kwa Mungu, yule kwa kaburi la mama yake. Mimi siapi. Nimefika umri ambao ukiniamini sawa, usiponiamini pia sawa. Wewe kaa hapo kwenye benchi nikumalizie gauni lako, nami nitakueleza yaliyonipata. Ukitaka ushahidi, pini hii hapa. Nichome bega hili la kushoto. Choma tu, usiogope. Umeona? Damu inatoka na mimi sina habari.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, hapa hapa Kigali. Vita vilikuwa kaskazini. Sisi wa mjini tulikuwa na bariyeri za askari barabarani na amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo hata muziki ulihamia mchana. Watu walicheza jua linawaka, saa kumi wanatawanyika wakimbilie nyumbani. Jumapili moja kukatangazwa tamasha la bendi kwenye uwanja mmoja kule Niboye, bendi nne, mbili zimetoka Zaire. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, mdogo wangu Hadija kumi na tisa. Mama alituruhusu kwa shingo upande.

Nikuambie kwanza kuhusu mimi na Hadija, maana kisa chote kipo hapo. Mama yetu mmoja, baba mbalimbali. Baba yangu alikuwa Mhutu, baba yake Hadija alikuwa Mtutsi, akafa mtoto bado ananyonya. Siku zile kitambulisho kiliandika kabila, na kabila lilifuata baba. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, lakini kadi zetu hazikufanana. Hatukuliongelea jambo hilo. Biryogo, mtaa wetu wa Waislamu, watu waliulizana kama wameswali, hawakuulizana mengine.

Kila tulipotoka tulikuwa na mfuko mmoja wa sisi wawili. Niliushona mwenyewe kwa suruali kuukuu ya jinzi, ndani nikatia bitana ya gunia la unga. Uzi mweusi uliniishia kwenye mkanda, nikamalizia na wa bluu. Chini ya bitana nilishona mfuko wa siri wa kutia vitambulisho vyetu. Ulikuwa mfuko wa maana, lakini sura yake, ndugu yangu, ilikuwa sura ya mtu anayekwenda kuchimba viazi.

Asubuhi ile Mama aliupakia mwenyewe. Alitia vitenge viwili vya kukalia, sweta, kandambili za kubadilisha, chupa ya maji, halafu impamba. Impamba ni chakula cha njiani, na kwetu mama hawezi kukuacha uvuke mlango bila hicho, hata kama unakwenda nyuma ya nyumba. Alikuwa amefunga viazi vitamu na maharage kwenye jani la mgomba, vya moto bado.

Basi mimi nilikuwa nimenunua kwenye caguwa, mitumba ya sokoni, pochi nyekundu yenye mkanda wa mnyororo wa dhahabu. Dhahabu gani? Bati. Lakini uliponing'inia begani nilijiona nimetoka Brussels. Wasichana wawili wa mtaani tuliokuwa tunafuatana nao walikuwa na pochi kama hiyo. Niende kwenye muziki wa Wazaire nimebeba gunia linanuka maharage? Mama alipokwenda uani, niliutundika mfuko wa zamani kwenye msumari wake na kila kitu ndani. Kwenye pochi nikatia kitana, kioo, hanchifu, pipi za mnanaa na kitambulisho changu, kilichokuwa juu ya meza kwa sababu jana yake nilikwenda nacho sokoni. Cha Hadija kilikuwa kwenye ule mfuko wa siri. Sikukumbuka. Mwacha asili ni mtumwa, Mama alipenda kusema, na sisi tulimcheka.

Tulikata njia ya bondeni ili tusipite bariyeri ya barabara kuu. Chini kulikuwa na daraja la magogo juu ya kijito, na kando ya daraja alikaa mwanamke. Si mzee, si msichana. Alivaa kama mtu anayetoka kanisani, kitenge safi, kilemba safi. Mapajani alikuwa na mfuko wa jinzi.

"Madada," akasema, "mumesahau mufuko yenu."

Niliutazama mkanda. Uzi wa bluu. Harufu ya viazi vya Mama niliisikia pale niliposimama. Utaniuliza, hukuogopa? Sikuogopa. Aibu ilitangulia. Wale wasichana wawili walikuwa wamegeuka, mmoja ameanza kutabasamu, na mimi nikawaza haraka haraka kwamba Mama amemtuma mtu atukimbilie, na kwamba yule mtu ametupita vipi njiani nitalifikiria baadaye.

"Si wetu," nikasema.

"Iko yenu."

"Si wetu, mama. Tafuta wenyewe."

Hadija alinitazama. Aliujua mfuko kama nilivyoujua mimi. Lakini mimi ni mkubwa, na mkubwa akishasema, mdogo hamuumbui mbele za watu. Akanifuata, tukavuka daraja.

Tamasha lenyewe sina mengi ya kukuambia. Magitaa yalilia, tulicheza, mnyororo wa pochi ukanichubua bega. Hadija alicheza kuliko sisi wote. Alikuwa na namna ya kufumba macho na kuinua kidevu, kama mtu anayemwagiwa maji. Hiyo naikumbuka vizuri.

Saa tisa ikanyesha mvua kubwa. Ilipokatika, watu wakatawanyika, na sisi kwa ajili ya viatu tukaogopa tope la bonde, tukashika barabara kuu. Wale wenzetu wawili wakapata lifti ya jamaa yao. Mimi na Hadija tukafika bariyeri kwa miguu, saa kumi na moja imepita kidogo. Askari akanyoosha mkono, akasoma kitambulisho changu, akanirudishia. Akamgeukia Hadija.

"Na wewe, indangamuntu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilifungua pochi nikaichakura kama kuku. Kitana, kioo, pipi.

Siku zile mtu bila kitambulisho alikuwa mpelelezi wa adui mpaka ithibitike vinginevyo, na wengine walichukuliwa kabla ya kuthibitika. Wakamkalisha Hadija chini, kwenye tope, pembeni mwa mwanamume mwingine mmoja ambaye hakuinua kichwa. Niliomba, nikalia. Naam, siku zile nilikuwa nalia. Askari akasema lori linakuja saa kumi na mbili, kama nina hiyo kadi niilete kabla ya lori, kama sina niende zangu.

Nyumbani na kurudi ni zaidi ya saa. Bondeni ni dakika kumi. Nilivua viatu nikakimbia. Nilikuwa namkimbilia nani? Mtu niliyemwona asubuhi. Lakini nilikimbia kama mtu aliyeahidiwa.

Alikuwepo. Bonde zima limelowa, maji yanatiririka kwenye mashamba ya viazi, kijito kimefura hadi kwenye magogo. Yeye alikuwa mkavu. Kilemba kikavu, miguu mikavu, na mfuko mapajani mkavu. Nilipoinama nikahisi joto la impamba usoni. Chakula cha asubuhi, saa kumi na moja jioni, na bado cha moto.

"Nisamehe mama, ni wangu," nikasema.

Hakunipa. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. "Asubuhi haikuwa yako. Sasa iko yako?"

"Ni wangu."

"Na kadi ya mutoto ile? Unaitaka kweli?"

"Naitaka."

"Utaibeba?"

"Nitaibeba, mama, nipe!"

Akainuka, akanivika mkanda kwenye bega la kushoto kama anavyovikwa mtoto wa shule. Ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Nikachomoa kadi chini ya bitana, nikakimbia bila kusema asante.

Askari aliisoma kadi. Akamtazama Hadija, akaisoma tena. "Huyu iko nani yako?"

"Dada yangu."

"Mbona hamufanane kwa makaratasi?"

"Mama mmoja, afande."

Akacheka, sijui kwa nini. Akamrudishia Hadija kadi yake, akasema tukimbie. Tulikimbia.

Tulipoingia nyumbani, mfuko wa jinzi ulikuwa kwenye msumari wake. Vitenge vipo, sweta ipo, viazi vimepoa kabisa, vimeshika jani. Mfuko wa siri ulikuwa mtupu. Nikajishika bega la kushoto. Hakukuwa na kitu.

"Ule mfuko niliokuja nao nimeudondosha wapi?" nikamuuliza Hadija.

"Mfuko gani?" akasema. "Ulikuja mikono mitupu, kadi tu mkononi."

Tangu jioni ile bega hili halisikii pini, wala moto, wala mkono wa mtu. Linasikia kitu kimoja tu, uzito wa mkanda. Nimeonyesha kwa madaktari na kwa masheikh. Wamenipa vidonge, wamenipa maji ya kunywa. Nilivinywa vyote.

Nilikuwa na hofu ya kusahau tena. Kwa hiyo nilimshonea Hadija kijifuko cha kitambaa chenye kamba ya shingoni, kadi ikae humo usiku na mchana, hata akienda kisimani. Nilimfokea kila alipokivua. Nilishona kamba mara mbili isikatike.

Miaka miwili baadaye ukaja ule mwezi wa nne. Unaujua, sina haja ya kuueleza. Tulitengana njiani tukimtafuta Mama, na Hadija akafika kwenye bariyeri nyingine peke yake. Waliosimama pale hawakuwa askari, walikuwa vijana wenye mapanga, na waliuliza swali lile lile, kadi iko wapi. Wapo waliopona siku zile kwa kusema wameipoteza. Wakabisha, wakalia, wakaapa kabila lingine, na wachache wakaachwa. Hadija hakuweza kusema ameipoteza. Ilikuwa shingoni mwake, ndani ya kijifuko nilichokishona mimi. Jirani aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyeniambia.

Sikulia. Watu walinitazama wakasema huyu amekauka. Kumbe ganzi ilikuwa imeshuka kutoka begani kitambo. Mama alilia kwa ajili yetu wawili, nami nilikaa naye, nikampikia, nikamzika wakati wake ulipofika. Mpaka leo sijalia. Nashona tu.

Usiniulize ningemjibu nini yule mwanamke wa darajani. Ningesema siitaki, lori lingekuja saa kumi na mbili na Hadija amekaa kwenye tope. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii kama nguo isiyo na upande wa mbele.

Lakini wewe bado kijana, unatoka, unakwenda kwenye hiyo mizuka yenu ya muziki. Mama yako akikufungia chakula, beba, hata kama kinanuka maharage. Kitu chako usikikane mbele za watu. Na ukimkuta mtu mkavu kwenye mvua, akakuuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu kama kweli unakitaka, simama, vuta pumzi, mwulize na wewe ameona nini. Mimi niliulizwa mara tatu, na zote nilijibu mbio.

Haya, simama nikupime. Begi lako litundike pale, hapa begani kwangu pamejaa.